Papa Neema wa kwenye kompte

Mujukuu wangu Chance,

Jambo sana huko Lubumbashi. Sisi tuko salama. Mama yako Neema anakusalimia, na mvua imebomoa tena ukuta wa jikoni. Unauliza uandike jina gani kwenye kifurushi. Andika lile la kadi yangu, tafazali, maana lingine lilinichosha.

Unajua nilikuwa naoka mikate Ibanda. Patron, mwenye duka ya mikate, alikuwa analipa mchango wangu wa pansion, ile pesa ya uzeeni, kupitia kompte ya duka yake kwenye banki, na kila mara aliandika "Papa Neema". Tangu mama yako azaliwe, hakuna mutu ananiita jina lingine. Nilipoacha kazi nikaenda biro ya pansion. Ajenti akasema, "Pesa iko, lakini ni ya Papa Neema. Kadi yako inasema Murhula."

"Ndiye mimi."

"Nani anakujua hapa?"

Nikamuleta patron. Haikutosha. Ajenti akamutaka Neema mwenyewe, na kadi ya ubatizo yenye kuonyesha mimi ni papa yake. Mama yako akaacha shamba yake Nyangezi, akaja, akamuuliza ajenti, "Sasa huyu muzee nimuite nani?" Hapo ndipo wakakubali kugeuza jina, kama vile wananipa zawadi.

Nikachukua karatasi yangu, nikatoka bila kuaga. Nilikuwa nimefika mulangoni wakati ajenti yule yule aliniita mbele ya watu wote: "Papa Neema, umesahau kofia yako."

Koko yako,
Murhula, kwa kifurushi tu.