Firigisi ya Mzee Shivachi

Imelda mjukuu wangu,

Huku Iguhu sote tu wazima, na babako amemaliza kupalilia miwa. Umeuliza mbona jirani yetu Mzee Shivachi akichinja ingokho, kuku wetu wa kienyeji, hunipa mimi firigisi, fungu la wanaume.

Ujanani nilikuwa mkalimani kortini Kakamega. Siku moja Shivachi aliletwa kizimbani akisinzia, midomo imesawijika. Hakimu akaagiza arudishwe rumande. Kaka yangu nilimzika kwa hali hiyo hiyo, nikashindwa kunyamaza.

"Mheshimiwa, huyu amechanganya vidonge na chang'aa. Akienda rumande atakufa."

"Amesema hivyo yeye?"

"Hapana. Nimesema mimi."

Akapelekwa hospitali, akatibiwa uraibu hadi akapona.

Firigisi hiyo huila yote, Imelda. Hata babu yako simgawii.

Nyanya yako