Penseli ya 4H kwa Muuguzi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku tatu tangu tukimbie mapigano ya ardhi Cheptais. Kutoka chumbani kwangu Kabiro hadi kibandani Kianda, ninapouza kalamu na madaftari: hatua 6,214. Juzi zilikuwa 6,200. Dimbwi la pale kwa watu wa boda limepanuka tena.

Msimu wa barua za vyuo umeanza. Vijana wananionyesha kozi kwenye simu, nami nawafungia mzigo. Supamaketi wanauza pakiti moja kwa wote — mwanasheria na fundi bomba, kalamu ile ile! Ni kama zahanati inayogawa kidonge kimoja kwa foleni nzima. Mimi nauliza kwanza. Sheria: kaunta buku nene, na nyingine ya akiba. Uanahabari: daftari linalofunguka kwa juu, mtu aandike akiwa amesimama, anasukumwa. Ualimu wa chekechea: karatasi za manila, krayoni, na penseli za ziada kwa zile zitakazotafunwa.

Amekuja Austin, kijana wa ploti yetu. Anakwenda kusomea utunzaji wa maiti. Nikampa kalamu ya wino usiotoka kwa maji na rejista ya mistari mipana, majina yasipandane. Akataka pia kalamu ya kung'arisha mistari, ya waridi. Nikamweleza kwamba kazi ile haina waridi.

"Guka," akasema, maana vijana huniita babu, "si maiti ndio zitasoma hizo notes. Ni mimi."

Nikampa.

Jioni Seline, jirani yangu anayekaanga samaki, amekuja mikono ingali na unga. Whitney wake amepata uuguzi! Digrii! Anaripoti Alhamisi tarehe 28. Kanisani walishatangaza jana, na kwaya imemnunulia viatu vyeupe na saa ya kubandika kifuani. Huyu nimemfungia kwa mkono wangu: daftari la kuingia mfukoni na kalamu ya rangi nne. Zamu ya mchana huandika kwa buluu, ya usiku kwa nyekundu — nilisoma mahali. Nimeijaribu kwa rangi zote. Kila kalamu naijaribu kwa neno moja, Cheptais. Lina tumbo la C, mkia wa p, nukta ya i. Kalamu ikilimaliza bila kukwaruza, ni nzima.


Jumanne, 12 Agosti

Simu kutoka nyumbani. Mpwa wangu Nalianya. Kamati ya mashamba inapita mlimani Alhamisi tarehe 28. Kila aliyekimbia aje asimame kwenye shamba lake na karatasi yoyote aliyo nayo. Asiyesimama hataandikwa.

Karatasi ninayo! Ramani niliyoichora siku ya nne baada ya kukimbia, kwenye ukurasa wa rejista ya darasa la saba. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, sikuchora ovyo. Hatua zote zimeandikwa, nilizihesabu miaka kumi na minne. Sanduku nimelivuta kutoka chini ya kitanda, nikalipangusa.

Nitakwenda. Whitney ataripoti bila mimi kumpungia mkono. Basi.


Alhamisi, 14 Agosti

Whitney amekuja peke yake kuchukua mzigo. Ameshukuru vizuri. Kisha, akitazama kando, akauliza kama nina penseli ya 4H. Na karatasi ile inayopitisha mwanga, ya kunakilia michoro. Na rula ya pembe tatu. Na kitabu chembamba cha jalada gumu, kisichoharibika upesi mvuani. Ni za rafiki yake, akasema.

Amekwenda. Nimekaa.

4H! Penseli ngumu namna ile muuguzi ataifanyia nini, amchome nayo mgonjwa? 4H, karatasi ya kunakilia na rula ya pembe tatu — huyo ni msanifu majengo ama mpimaji ardhi. Lakini kitabu cha kustahimili mvua? Msanifu hanyeshewi. Hukaa ndani, anakunywa chai.

Mpimaji ardhi. Na "rafiki" huyo hayupo.

Miaka kumi na saba kibandani nimekosea utambuzi mara moja tu — mwanafunzi wa theolojia niliyempa karatasi za grafu. Na hata yeye alizitumia.


Ijumaa, 15 Agosti

Sikumuuliza. Niliweka tu penseli ya 4H mezani, na yeye akaona kwamba najua.

Barua yake iko kwenye simu: upimaji ardhi, chaguo lake la kwanza. Siku barua ilipoingia, mama yake alikuwa kwenye simu na kiongozi wa kwaya, akamgeukia kuuliza ni nini — ni unesi? Whitney akasema ndiyo. Alidhani atarekebisha simu ikikatwa. Simu ilipokatwa kwaya nzima ilishajua. Kufikia jioni walikuwa wanampima miguu.

Nikamwambia mama yake angefurahi vilevile. Akatikisa kichwa. Marehemu babake alipozikwa Ugenya, Whitney alikuwa na miaka sita. Baba zake wadogo walileta mpimaji. Mambo yakaisha mama na mtoto wakiwa nje ya kigingi cha mwisho. Tangu hapo Seline akiona mtu na kile chombo cha miguu mitatu kando ya barabara, hata kama wanapima mtaro, huvuka upande wa pili.

Nikauliza: sasa kwa nini wewe kozi hiyo?

"Watu wote walikuwa wanapiga kelele, Mwalimu. Huyo mmoja alikuwa tu anaandika. Na chenye aliandika ndio ikakuwa." Akaigusa penseli. "Nikasema siku moja mimi ndio nitakuwa naandika."

Ameniomba nimwambie mama yake. Mimi! Nimekubali kabla sijafikiri. Akataka na raba. Hiyo nimemnyima. Kitabu cha mpimaji hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika sahihi kando, na kosa linabaki likisomeka.

Aliniangalia kama namsema yeye. Nilikuwa nasema habari za raba.


Jumamosi, 16 Agosti

Soko la Toi. Nimepata rula ya pembe tatu katikati ya miiko! Kaveke, muuza vyombo, alikuwa anajikunia mgongo nayo. Hakujua ni nini. Nimeiosha mara mbili.


Jumatatu, 18 Agosti

Nimekwenda kwa Seline kumwambia. Nimenunua samaki.


Jumanne, 19 Agosti

Samaki.


Jumatano, 20 Agosti

Samaki wawili. Alikuwa anaimba.

Whitney amepita kuchukua rula. Ameona kipande changu cha kujaribia kalamu, Cheptais kutoka juu hadi chini kwa rangi zote, akauliza Cheptais ni nani. Alidhani ni mwanamke! Nikamweleza. Nikatoa ramani. Akaitazama kwa muda, akaniomba aende nayo akaichore upya kwa vipimo, azoeshe mkono kabla ya chuo. Nimempa. Kamati nayo itaona kazi safi.


Ijumaa, 22 Agosti

"Mwalimu, shamba yako haifungi."

Ndivyo alivyoanza, hata salamu hakuna. Amechora pande zote nne kwa hatua nilizoandika mimi mwenyewe. Unaanzia kwenye mvule, unashuka hadi mtoni, unafuata mto, unapanda kwenye ua, unarudi — na hufiki kwenye mvule. Unabakiza mita arobaini.

Nimesema ni penseli. Ile ya 1992 ilikuwa HB, tena butu. Akasema penseli haina shida. Nikasema karatasi imenywea kwa unyevu. Akasema karatasi hainywei mita arobaini.

Tukahesabu upya. Pande tatu ziko sawa. Wa nne ndio mbaya, kutoka uani hadi kwenye mvule: ni mfupi mno, hatua zake ni chache kuliko inavyopasa. Nilikazana kwamba upande ule naukumbuka kuliko zote, ndio wa mwisho niliouhesabu. Nikaisikia sauti yangu ikisema hivyo. Whitney naye akasikia, akashusha macho.

Upande ule niliuhesabu nikikimbia, kwa hatua ndefu za mbio. Nikaugeuza mita kama vile nilikuwa natembea! Miaka thelathini na mitatu sijaliona kosa hilo. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempa sifuri.

Kisha akanionyesha kwenye simu picha iliyopigwa kutoka angani. Mto upo. Mvule haupo. Kuna paa la buluu, zizi, na njia nyembamba kutoka mlangoni hadi mtoni. Hakuna anayekata njia kama ile kwa makusudi. Hukanyagwa na watoto wa kuchota maji, mwaka baada ya mwaka. Imenyooka kuliko mistari yangu.


Jumatatu, 25 Agosti

Nimekwenda kwa Seline. Nikanyoosha kidole kwenye samaki. Akaweka mwiko chini.

"Mwalimu, miaka tano umeniambia mifupa ya samaki inakusumbua. Wiki moja sasa unakula kama paka. Sema."

Nikasema. Vibaya — nilianzia kwenye rangi za wino, nikapitia raba, nikafika kwenye barua nimechoka. Hakunikatiza. Samaki aliyekuwa kwenye mafuta akawa kahawia, akawa mweusi. Hakumgeuza.

Nilingoja anitukane. Akauliza tu, polepole, kama mwanawe anajua ni nini watu kama hao walimfanyia mama yake. Nikamwambia anajua. Alikuwepo. Ndiyo sababu.

Akamtoa yule samaki mweusi, akamfunga kwenye gazeti, akanipa.

"Mimi kwa hiyo chuo sifiki. Wewe ndio ulimpatia penseli. Alhamisi mpeleke wewe."

Alhamisi! Nikamkumbusha ndiyo siku ya shamba langu, nimewaambia Kianda nzima. Akasema basi niende kwa shamba langu, na mtoto atapanda gari peke yake kama mtu asiye na kwao. Na akamgeukia mteja.

Nimemla yule samaki. Nilistahili.


Jumatano, 27 Agosti

Basi la Bungoma, ambalo lingenifikisha kwetu, limeondoka saa mbili asubuhi. Nilikuwa kibandani wakati huo, nachonga 4H. Nimechonga tatu. Sikuwa na haja ya tatu.

Seline hajaniangalia tangu juzi. Whitney anasema nyumbani hawasemeshani. Mama anampikia, anamwekea, anatoka nje.


Alhamisi, 28 Agosti

Naandika nimekalia sanduku — langu, nililolipangusa. Vitu ni vya Whitney. Foleni ya usajili ni ndefu, imetoka nje ya geti hadi barabarani. Nawakagua wenzake kwa mizigo. Yule mrefu mwenye ubao wa kuchorea ni uhandisi. Huyu aliye mbele yetu ana kalamu kumi na mbili za rangi zote. Bado hajui anakwenda kusoma nini. Nimemwambia Whitney, amecheka, mara ya kwanza wiki hii. Amevaa viatu vyeupe vya kwaya. Ndivyo pekee vizima alivyo navyo. Vimeshapata matope.

Seline yuko ng'ambo ya barabara. Ametokea lini sijui. Ameukumbatia mfuko wa Toi, haji, haondoki. Kitu cheusi kimechomoza juu — ama ni mpini wa mwavuli, ama ni kisigino cha gambuti. Miwani yangu haifiki pale. Whitney amempa mgongo, anasoma barua yake kwa mara ya kumi. Sijamwambia.

Nalianya amepiga. Kamati iko kwa jirani wa juu, inateremka. Amesema, "Khocha, mjomba wangu, kwako asimame nani?" Nikauliza kama kuna watu pale nyumbani, penye paa la buluu. Akasema wapo, mama na watoto wanne, wametoka wote nje wanangoja.

"Asimame aliyepo," nimemwambia.

Akasema sawa, Khocha.

Tarehe 12 niliandika humu kwamba nitakwenda. Sifuti. Nimefungua ukurasa ule nikapiga mstari mmoja kwa 4H, na neno bado linasomeka.

Foleni imesogea. Seline ameshuka kwenye ukingo wa barabara, anangoja lori lipite. Sitarudi Cheptais.