Stika kwenye Gari la Rudy

Mtaa wa East 28,
Erie, Pennsylvania.
12 Mei 2018

Mpendwa Kaka Stan,

Habari za huko Alaska, na goti lako linaendeleaje? Sisi wazima. Mama anakula vizuri. Theluji imekwisha, kwa hiyo mume wangu Rudy hana tena barabara za kusafisha, yuko nyumbani kunisumbua.

Uliniuliza habari za Josie na chuo. Kaa kitako.

Tangu mwaka juzi Chuo cha Wexcombe kilikuwa kikimletea binti yangu barua karibu kila wiki: majengo ya mawe, wanafunzi wanaocheka, jina lake kwa rangi ya dhahabu. "Wanamtaka huyu," Rudy akasema. "Nani anapoteza stempu kwa mtu asiyemtaka?" Januari, jibu halijaja, akabandika stika ya Wexcombe kwenye kioo cha nyuma cha gari. Unaujua mtaa wetu. Kufika Jumapili, parokia nzima ilikuwa inatupongeza.

Machi wakajibu: asubiri kwenye orodha. Josie alilia, nami nikajifungia bafuni nikalia pia.

Nikamwendea Bwana Lindqvist, mwalimu wake wa ushauri. "Mama Josie," akasema, "barua hizo wanatumiwa maelfu ya watoto, hata wangu alizipata. Wakiomba wengi, wanakataliwa wengi, na watu wanaona chuo ni dhahabu." Mwaka huu waliomba elfu thelathini, wakachukuliwa watano katika kila mia. Kumbe sifa ya chuo inapimwa kwa waliobaki nje. Waliomo ndani wanafundishwa nini, hiyo ni habari nyingine.

Basi Chuo cha Tamarack kikamkubali. Chenyewe kinachukua sabini katika mia. Rudy akanuna: "Hicho hata mbwa wa jirani angeingia." Nilimwambia anyamaze, ingawa moyoni nilikuwa upande wake.

Tulikwenda kukitazama. Mama mmoja anayefundisha habari za mito na ziwa akashuka ngazi kutupokea, na insha ya maombi ya Josie mkononi, imejaa alama za penseli. "Ni wewe uliyepima barafu na babu yako? Mwaka gani ilikuwa nyembamba zaidi?" Walizungumza saa nzima, sisi wazazi tumesahaulika kama makoti. Marehemu baba angefurahi mno.

Jumanne iliyopita Wexcombe wakapiga simu. Nafasi imepatikana, wanataka jibu ndani ya siku mbili. Kaka, sikufichi, niliitaka nafasi ile kwa roho yote. Nilikwisha kuona nitakavyomwambia Mama Pulaski wa parokiani.

Josie akaketi mezani, akatoa ile barua yao ya Machi, akaandika akiiga maneno yao: "Nawashukuru kwa kuniomba. Mwaka huu waombaji wazuri walikuwa wengi kuliko nafasi niliyonayo, ambayo ni moja. Nasikitika sitaweza kuwachukua. Nawatakia mafanikio."

Rudy aliisoma mara mbili. Akacheka mpaka akashika kiti, kisha akaenda kibandani kuchukua kisu cha kukwangulia rangi, akaelekea kwenye gari.

Msalimie wifi Arlene na mapacha. Mama anakuombea kila asubuhi, nawe Mungu akulinde na baridi ya huko.

Ndani ya bahasha nimekuwekea stika ya Tamarack. Ibandike bila wasiwasi. Safari hii aliyechagua ni mtoto mwenyewe.

Dada yako asiyechoka kukukumbuka,
Bernadette