Wa Uzito Wake Hakuwapo

Dodoma, mwezi wa Shaabani

Mama yangu Bi Stara,

Shikamoo. Barua yako ya Kondoa imenifika. Huku kwenye kazi ya reli mvua haijanyesha, na maji tunayafuata mbali.

Umeuliza kama ni kweli mwanao Swedi alishindwa ngumi. Mama, kwa watu wa uzito wake hakushindwa na mtu. Kila Jumapili msimamizi wetu, Mdachi, alitupima kwenye mizani ya magunia, akapambanisha waliolingana. Swedi aliwaangusha wote kwa miaka miwili. Mimi ni mwembamba, kazi yangu ilikuwa kumshikia kanzu.

Kisha homa ikamlaza wiki tatu. Alipoinuka, msimamizi akampandisha kwenye mizani, akaona amelingana na mimi.

Nikasema, "Bwana, huyu bado mgonjwa."

Akajibu, "Mizani imekwisha sema. Atakayekataa atakula viboko ishirini na tano."

Swedi akaninong'oneza, "Piga, Bushiri. Nitajiangusha mapema, yaishe."

Nikampiga ngumi moja, nayo haikuwa na nguvu. Alianguka, nami nikangoja ainuke. Hakuinuka. Tulimwosha, tukamsalia, tukamzika kabla ya jua kuchwa.

Sasa watu wananiita bingwa, na njiani wananipisha. Mama, wakikuuliza nani alimshinda mwanao, usilifiche jina langu.

Ni mimi uliyenikabidhi Swedi siku tulipoondoka,

Bushiri