Mikono Ileile, Kazi Nyingine

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unalala vizuri. Huku tu wazima. Mjukuu wako ameota meno, anang'ata kila kitu, hata viatu vyangu.

Mama, ulisikia ujenzi ulisimama. Kabla ya hapo maghorofa yaliota kama uyoga, na fundi vigae alibembelezwa kama bwana harusi. Mara benki zikabana mikopo, wenye majengo wakapotea. Msimamizi alitukusanya kwenye ngazi zisizo na paa, akasema hana ugomvi nasi, ila kazi hana.

Nilizunguka mji mzima. Kila mlango niliobisha, nilipishana na fundi mwenzangu akitoka kubisha. Nyumbani nikawa mkali kama pilipili. Mkwe wako anarudi kutoka saluni yake miguu imevimba, mimi nauliza mbona chakula kimechelewa. Ndipo aliponiambia taratibu kwamba kukosa kazi si kosa langu, ila ukali ni wangu. Maneno hayo yaliniuma kuliko kuachishwa kazi.

Sasa nikutolee la moyoni. Nikikwambia kwenye simu kwamba niko kazini, ni kweli, ila si kwenye vigae. Nasuka nywele, mama. Jumamosi moja wateja walifurika, mkwe wako akaniomba nimsaidie kichwa kimoja tu. Nywele za dada, nilizokuwa nikizisuka utotoni ukiwa kazini, zikanirudia vidoleni. Mteja alijitazama kiooni, akauliza huyu fundi anapatikana siku gani. Wanaume walionicheka pale mlangoni, leo wanawaleta wake zao.

Juzi ujenzi uliamka tena. Msimamizi alikuja mwenyewe, vumbi hadi kwenye kope, akanikuta nimebana kitana mdomoni. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanisihi nirudi, maana mafundi wametawanyika, kila mtu na riziki yake mpya. Nikamjibu nitakuja siku za mwanzo wa wiki. Mwisho wa wiki nina vichwa vya watu. Aliguna, akakubali. Safari hii mwenye shida ni yeye.

Niliogopa utaona haya, mama, ndiyo maana nilikawia kukwambia. Lakini nyumba yetu inacheka tena.

Wasalimie wote hapo. Majirani wakiuliza mwanao anafanya nini, usiwafiche.

Ni mimi mwanao akupendaye,
fundi vigae na msusi.