Tetere Wasioruka

Bibi yangu,

Mpunga wako umeota bila ya mtu kuuamia ndege. Ulipokuwa hai tulipanda dunguni alfajiri, wewe ukipiga debe, mimi nikipiga kelele, na ndege wakatushinda vile vile. Mwaka huu hakuna ndege wa kufukuzwa. Bonde limenyamaza hata nasikia nguo yangu inavyogusa majani.

Bwana shamba alileta mbegu zilizopakwa unga wa dawa ya wadudu. Akasema tunawe mikono, na kuku tusiwape. Ndege hakuna aliyewaambia.

Siku niliyofika likizo kutoka mjini niliwakuta ndege wamesimama njiani, tetere watupu. Niliwakaribia, hawakuruka. Walitikisa shingo polepole, kama watu wanaomwitikia mtu nisiyemwona. Nikarudi kinyumenyume.

Mjomba Haji alinipita mbio. "Wahi kisu, roho haijawatoka!" Wewe ndiye uliyetufundisha: mnyama akifa mwenyewe ni nyamafu, akiwahiwa kwa kisu na Bismillahi, ni halali. Mjomba aliwawahi. Mama akawapika kwa nazi, na mdogo wangu Makame akakaa jikoni na sahani yake mapema.

Matumbo alipewa paka wako. Tui halijachemka bado, paka akajibana pembeni, akaukodolea macho ukuta mtupu, akaanza kutikisa shingo. Vile vile, Bibi. Polepole, akimwitikia yule yule. Mama akasema ni jini, akatia ubani chetezoni.

Nilisema, "Mjomba, kisu kimeiwahi roho, hakikuiwahi sumu."

"Haya, mwalimu wetu kaja! Skuli imekutuma utuharamishie halali?"

Mama alicheka. Makame akasogea karibu na chungu. Nilitamani uwepo useme neno moja tu, maana wewe walikusikiliza. Mimi nani anisikilize? Basi nikamnyang'anya Makame sahani, nikaikalia.

Mjomba aliniinulia mkono. Hapo paka akaanguka ubavu, miguu ikikimbia hewani bila ya kwenda popote, na mkono wa mjomba ukabaki juu.

Hakuna aliyecheka tena. Mama alikibeba chungu na mchuzi wake, akakifukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Tulikula wali na chumvi. Makame aliililia nyama mpaka akalala, nami nikaweka mkono kifuani pake, niwe na hakika.

Asubuhi mjomba hakuniangalia. Lakini jirani alipopita mbio na kisu chake, nilimsikia akimpigia kelele, "Waache, bwana! Hao hata ukiwachinja hawaliki!"

Nakuaga, Bibi. Mola akutilie nuru kaburini. Naahidi nitasoma mpaka nijue dawa ile inafanya nini ndani ya kiumbe, na kama kuna njia ya kuvuna bila ya kuua bonde zima. Nikishajua, wa kwanza kumweleza atakuwa mjomba. Kwa adabu, baada ya shikamoo.

Mjukuu wako,
Mwanaidi