Wimbo wa Maji Juu ya Pikipiki

Isiolo, wakati wa kiangazi

Mama Wakesho mpenzi,

Nakusalimu kwanza kabla sijakasirika, maana nikishaanza habari za huku nitasahau adabu. U hali gani? Mguu wa mama umepoa, au bado anaukanda kwa maji ya chumvi huku akiilaumu baridi ya Mgange? Mimi hiyo baridi naitamani. Wakesho anaendeleaje na masomo, na yule ndama wetu mkaidi amekubali kuachishwa kunyonya? Mwili wangu ni mzima, kichwa hakiumi, nakula vizuri. Roho tu ndiyo imejaa hasira, na leo Jumapili nimekaa kivulini nikuandikie yote, hata yale ambayo hutayapenda.

Barua yako niliipata. Umesema kama hawajanifungia mashine ya kuongea kwenye pikipiki, nifunge mizigo nirudi nyumbani. Sikulaumu hata kidogo. Mwanamke aliyekalishwa mkekani, wenzake wakaja na sukari na majani ya chai, wakamwimbia nyimbo za msiba, kumbe mumewe yuko upande wa Kipsing anakunywa maziwa ya ngamia, ana haki ya kuandika hivyo. Kosa langu lilikuwa nini? Mnyororo wa pikipiki ulikatika, wafugaji wakanichukua, nao walikuwa wanahama kufuata majani, nikahama nao. Huko hakuna simu wala gari. Ofisini wakangoja, wakachoka kungoja, mmoja akasema nimeuawa na majangili, na habari ikapanda basi ikafika Taita kabla yangu. Najua hata telegramu yangu ilipofika, jirani yetu wa bondeni alikwambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwambie bado nipo.

Basi sikiliza mambo ya hiyo mashine, uone kama ni mimi nimekataa.

Meneja wetu wa mradi wa chanjo alikubali. Akamwita fundi wa vyombo kutoka Nairobi, kijana wa viatu vya kung'aa, akaja na masanduku matatu. La kwanza lilikuwa na kofia mbili za pikipiki zenye vipaza sauti vidogo masikioni, ili dereva na abiria waongee bila kupiga kelele. Unamkumbuka Halake niliyekuandikia, Mborana wa hapa anayekaa nyuma yangu siku hizi akinionyesha njia na kunitafsiria? Walimvika hiyo kofia. Fundi akamwambia aseme kitu. Halake akaivua, akaigeuza mikononi.

"Mimi nakaa nyuma yake hapa hapa," akasema. "Nikitaka yeye asimame, napiga yeye bega. Simu ya nini sasa?"

Sanduku la pili lilikuwa simu ya upepo, ile ya kuongea na ofisi ukiwa porini. La tatu lilikuwa kipaza sauti kikubwa, mdomo wake kama wa tarumbeta, pamoja na redio ya kaseti, cha kutangazia watu walete ng'ombe wadungwe sindano ya ugonjwa wa mapafu. Nikasema nataka simu na kipaza sauti vyote viwili. Meneja akacheka.

"Bwana, betri ya pikipiki ni kidogo sana. Haiwezi kubeba hizi mbili. Chagua moja."

Nikachagua simu ya upepo. Nilikuchagua wewe, Mama Wakesho, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Betri yetu haikuweza kubeba hata simu yenyewe, ikabidi wafunge betri ya gari ndani ya kisanduku cha mbao, na kisanduku wakakiweka wapi? Mahali pa kukaa Halake! Nikaenda Kipsing peke yangu, bila mtu wa kunionyesha njia, kusudi nisipotee. Ona akili hiyo. Nilipofika nikasimamisha ule waya mrefu, nikaita, "Isiolo, Isiolo, mnanisikia?" Nikasikia mvumo tu, kama wa sufuria ya mafuta ya kukaangia. Nikaisukuma pikipiki juu ya kilima, jasho linanitoka mpaka kwenye viatu, nikaita tena. Ghafla mtu akajibu! Nilitaka kulia kwa furaha. Kumbe ni watu wa malori sijui wa wapi, wanajadiliana habari za vitunguu.

"Ndugu," nikamwambia, "nakuomba sana, waambie watu wa Isiolo niko salama."

"Wewe ni nani? Toka kwa laini ya watu!"

Niliporudi nilimkuta karani wetu amekaa kando ya mashine ya ofisini, imefunikwa kwa kitambaa safi. Nikamuuliza mbona hakujibu. Akaniambia aliizima asubuhi, ili betri ya ofisi isiishe kabla sijapiga. Mke wangu, nilitoka nje nikaenda nikasimama karibu na tangi la maji, nikahesabu vidole vyangu, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kwenda mahali pengine. Karani mwenyewe si mtu mbaya. Alifikiri ananisaidia.

Meneja hakutaka maneno zaidi. Akasema mashine imeshindwa na vilima, fundi akaifungua, Halake akarudi mahali pake, na kwenye usukani wakafunga kile kipaza sauti. Nikabishana, nikamweleza habari ya mkeka na sukari. Akasema anasikitika sana, lakini ng'ombe wanakufa na watu hawaleti mifugo, na bila tangazo hakuna kazi. Hapo niliacha kubishana, kwa sababu ng'ombe kweli wanakufa. Nimewaona wakikohoa, wamenyoosha shingo, na watoto wamekaa kando wanawaangalia tu.

Tukaenda Merti. Mara ya kwanza tu nilipowasha kile kitu na kusema, "Wananchi, leteni ng'ombe," manyatta ikawa tupu. Wanawake walibeba watoto, wanaume wakasukuma mifugo vichakani, na mimi nimebaki nawatangazia kuku. Halake ndiye aliyenieleza. Miaka ile ya vurugu, sauti kama hiyo ilikuja na magari ya askari, ikawaambia watu watoke, waache vitu vyao, wakae mahali pamoja. Mzee akisikia chuma kinaongea, hangoji kusikia kinasema nini.

"Lazima wasikie kitu yao wenyewe kwanza," Halake akasema. "Kitu ya amani."

Hapo ndipo tulipojiona tuna akili. Unajua huku, wakati wa kunywesha, vijana wanashuka ndani ya kisima kilichochimbwa mchangani, wanasimama mmoja juu ya mwingine kwenye vidato, wanapandisha ndoo mkono kwa mkono huku wanaimba. Kila kisima kina wimbo wake. Ni wimbo mtamu, hata mimi nisiyejua Kiborana nautikisia kichwa. Halake akaenda na redio kisimani kwa mjomba wake huko Korbesa, akanasa wimbo wote kwenye kaseti. Tukasema tukiupiga huo, watu watajua sisi ni watu wa amani, watakuja wenyewe. Mimi nimezaliwa penye ng'ombe, yeye amezaliwa penye ng'ombe. Sisi wawili, hakuna hata mmoja aliyejiuliza swali moja dogo.

Tulisimama uwandani karibu na Korbesa, jua linachoma, nikabonyeza. Wimbo ukatoka mkubwa, mzuri, ukajaa nchi nzima. Halake akatabasamu. Kisha tukaona vumbi. Nikamwambia, umeona, watu wanakuja. Akatazama, tabasamu likamtoka.

"Hiyo si watu."

Wakati wa kiangazi ng'ombe hawa wananyweshwa kila siku ya tatu. Walikuwa wamepumzishwa mbali wakingoja zamu yao, kundi nyuma ya kundi, na kila ng'ombe anaujua wimbo wa kisima chake kama Wakesho anavyoijua sauti yako. Waliposikia maji yanawaita, hakuna fimbo iliyowazuia. Walikuja wote. Nilizima kaseti, nikachelewa. Tulikimbia, wakaipitia pikipiki wakailaza, wakakizunguka kipaza sauti wakikilamba na kukisukuma kwa pua, wanalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukisikia tena. Wengine wakageukia kisima chenyewe, wakakanyaga birika la udongo la kunyweshea likabomoka, na mtamba mmoja akaanguka kwenye msukumano akavunjika mguu. Walimchinja pale pale.

Mwenye mtamba anaitwa Galgalo, mtu wa makamo, mwembamba. Alikuja akasimama mbele yangu. Hakuuliza nagaa, yaani amani, na Mborana asiyekuuliza amani amekasirika kabisa.

"Wewe umeita ng'ombe na wimbo ya maji," akasema polepole. "Maji iko wapi?"

Nikaanza kueleza kuhusu chanjo, mradi, na kwamba sisi ni watu wa amani.

"Nimeuliza maji."

Nakuambia, nimefokewa na mameneja, nimefokewa na mapolisi barabarani, lakini sijapata kujiona mdogo kama pale. Kiu ya mnyama haichezewi. Wazee wao wakakaa wakaamua: aliyewaita ng'ombe ndiye atakayewanywesha. Tukakanda udongo, mimi na Halake, tukalijenga birika upya, kisha tukateremshwa kisimani, mimi kwenye kidato cha chini kabisa miguu ndani ya matope, nikachota na kupandisha mpaka kundi la mwisho likaondoka limetosheka. Mikono yangu hata leo imechubuka, utaona mwandiko. Na niliimba, maana vijana hawakubali mtu apandishe ndoo amenyamaza. Niliimba vibaya, wakanicheka.

Sasa cha kuniudhi zaidi ni hiki. Kesho yake Galgalo mwenyewe alileta ng'ombe wake wadungwe, na wengine wakamfuata, bila tangazo lolote. Alisema mtu aliyekaa kwenye matope ya kisima chao wamemwona uso, wanamjua. Basi masanduku yote matatu yalikuwa ya nini? Na yule mtamba alikufa kwa ajili ya nini? Nililala na hasira ambayo sijui nimpelekee nani.

Mtamba alilipwa. Sikulipa mimi. Ukoo wa Halake ulitoa mtamba mwingine, nami nilipouliza kwa nini wanilipie mimi Mtaita, mjomba wake akasema Halake anakaa nyuma yangu, nami nakaa mbele yake, huwezi kulipia nusu ya pikipiki.

Meneja amevirudisha vyombo vyote Nairobi, pamoja na kile kipaza sauti kilichopinda mdomo. Hatanunua vingine. Pikipiki sasa haina hata honi, maana fundi alipofungua nyaya zake alikata na za kwetu. Kwa hiyo, mke wangu, nakuambia wazi: mashine ya kuongea haitafungwa. Usiingoje, na usimwambie mama kwamba inakuja.

Na kurudi, siwezi kurudi sasa. Nimelifikiria mpaka nikachoka. Ng'ombe waliodungwa ni wa Korbesa tu. Upande wa Kinna bado, Kipsing bado, na kule wanakohoa. Nikiondoka katikati, atakayekuja ataanza upya na watu watakimbilia vichakani. Mvua zikianza kunyesha, njia zitafungwa na kazi itasimama, ndipo nitapanda basi. Najua hili si jibu ulilolitaka. Mimi pia silipendi. Naogopa njia hizi zaidi ya ninavyokuonyesha, na kila ninapowasha pikipiki nakuona umekaa kwenye ule mkeka.

Nisalimie mama mkwe, umwambie apunguze kubeba kuni. Msalimie kaka yangu Mwakio anayenitunzia shamba, asiukate ule mparachichi hata kama unazuia jua. Mpe pole shangazi aliyesimamia msiba wangu kwa moyo wote. Wakesho mbusu paji la uso, umwambie baba yake amejifunza wimbo mpya.

Halafu kuna neno moja la mwisho. Nilimweleza Halake habari yako, jinsi ulivyomlilia mume aliye hai. Kisha akaniambia kwamba mtu ambaye ukoo umemlipia mfugo ni wa ukoo huo, na mtu wao akifa porini, habari haiendi kwa basi wala kwa mdomo wa mtu wa sokoni. Inapelekwa kwa miguu na wa ukoo. Ameapa kwa Mungu wake mbele ya mjomba wake. Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia nimekufa, awe karani, awe polisi, awe yule jirani, usikae chini. Endelea kupalilia maharagwe yako. Halake ni mrefu sana, ana kilemba cheupe na pengo la meno ya mbele, huwezi kumkosea. Ukimwona anakuja pamoja nami, huyo ni mgeni, mpe jogoo amchinje mwenyewe, maana ni Mwislamu. Lakini ukimwona anapanda mlima wetu peke yake, basi hapo lia, Mama Wakesho, maana hapo itakuwa kweli.

Ni mimi mumeo, mwenye mikono iliyochubuka,

Baba Wakesho